Macho ya Fundi na Ile Mashine

Kama macho yako yameanza kutoka nje kama yanataka kwenda sokoni bila wewe, kaa hapa karibu nikuambie. Na kama si yako, ni ya mama yako au ya jirani, msomee. Mimi nasema tu. Kalamu imeshikwa na binti yangu Fidesi, sababu mimi shule niliipita kwa nje nikibeba matofali. Ameniambia hataandika uongo. Nimemjibu uongo hautakuwepo, chumvi tu kidogo.

Jina langu Karoli. Ni Mrundi, fundi wa kujenga, niko hapa Nakivale, kambi ya wakimbizi Uganda, tangu Fidesi akiwa mgongoni, na sasa ndiye ananisahihisha. Nyumba nilizojenga huku, ukizipanga mstari, zinafika Mbarara na kurudi. Fidesi amekohoa. Basi, zinafika Kaberebere, hapo karibu.

Ugonjwa haukuanzia machoni. Ulianza na njaa. Mvua zilikuwa zimeanza, watu wanapanda maharage, nami nikawa nakula kama mtu aliyetoka gerezani. Ugali wa watu sita kwangu ulikuwa wa kuonja tu. Na bado nakonda! Mkanda nikautoboa tundu, nikautoboa lingine, mwisho ukawa na matundu mengi kuliko ngozi. Mikono ikatetemeka. Jasho likanitoka asubuhi ya baridi, ukungu haujaondoka hata ziwani. Na moyo, jamani, moyo ulipiga kama ngoma za kwetu Gitega, na wapigaji wote wamelewa. Mke wangu Domitila aliweka sikio kifuani kwangu akasema, "Papa Fidesi, humu ndani nani anakimbizwa?"

Tulicheka sana. Hivyo tukicheka, mwezi mzima ukapita.

Halafu yakaja macho. Asubuhi moja napiga mswaki, Domitila akasimama na ndoo yake.

"Mbona unanikodolea? Nimefanya nini?"

"Sijakukodolea."

"Unanikodolea, Papa Fidesi. Kama ni maji, nilikuambia mpira wa bomba umekauka tangu jana."

Kumbe kope za juu zilikuwa zimepanda na kukataa kushuka. Wiki kwa wiki macho yakasogea mbele. Watoto wa kijiji wakaniita Gikere, ndiyo chura kwa Kirundi. Kanisani katekista alisimamisha mafundisho katikati akaniuliza kama nina swali. Kulala, nililala macho nusu wazi kama samaki mezani sokoni. Domitila akawa ananifunga kope kwa plasta, ananilaza kichwa juu ya magunia mawili, na bado nikiamka nahisi mtu amenimwagia mchanga na saruji machoni, na ameshaanza kukoroga.

Mpaka hapo nilikuwa bado nacheka. Sasa sikiliza ya ukuta.

Tulikuwa tunajenga kanisa dogo la kijiji. Mwenzangu wa kazi ni Byamungu, Mkongomani wa Bukavu, mtu mpole, mikono yake kama koleo mbili. Tumejenga pamoja miaka mingi. Yeye anaanza upande huu, mimi ule, tunakutana katikati. Siku hiyo nikarudi nyuma kuangalia upande wake, nikaona ukuta umevimba katikati, mistari ya tofali inapanda na kushuka kama maji ya ziwa siku ya upepo.

"Byamungu, leo umekunywa nini?"

"Mayi tu. Juu ya nini?"

"Angalia ukuta wako. Una mimba ya miezi saba."

Akaangalia. Akainama, akaangalia tena. "Ukuta iko sawa, Karoli."

"Sawa na nini? Na mgongo wa ngamia?"

Akaleta nivo, ile fimbo yetu yenye kichupa cha maji. Akailaza juu ya tofali. Kile kipovu cha hewa kikakaa katikati kabisa, kimetulia kama bibi harusi. Hapo mimi mwenye akili nyingi nikasema nivo imeharibika. Nikausukuma ukuta kwa mikono miwili. Udongo ulikuwa bado mbichi, mistari minane ikashuka chini, na kina mama waliokuwa wanatuletea maji wakafanya ishara ya msalaba.

Byamungu hakupiga kelele. Ningefurahi angepiga. Alichukua kamba ya kujengea, akafunga ncha moja kwenye msumari, akaivuta mpaka ikalia.

"Karoli, hii kamba unaiona aje?"

"Imepinda."

"Fasi gani?"

"Hapo katikati. Inapanda, inashuka."

"Iguse."

Nikapitisha kidole toka kwenye msumari mpaka mkononi mwake. Kidole kilienda moja kwa moja. Hakikupanda, hakikushuka. Nikafunga jicho la kulia, kamba ikacheza kama nyoka majini. Nikafunga la kushoto, ikatulia kidogo, lakini si sana.

"Unaona sasa," Byamungu akasema polepole. "Si ukuta njo mugonjwa, ndugu yangu. Ni weye."

Nilikaa juu ya matofali niliyoyaangusha mwenyewe. Mimi sina shamba la maana. Sina cheti. Nina mstari tu. Kazi yangu yote tangu ujana ni kujua kitu kilichonyooka, na sasa kamba iliyovutwa mbele ya pua yangu sikuweza kuiamini.

Kesho yake nikaenda kliniki ya kambi. Benchi la pale limekaliwa na watu wengi mpaka limepinda, au labda nililiona hivyo, siku hizo sikuwa shahidi mzuri. Sista akanishika shingo kwa vidole viwili, akaniambia nimeze mate. "Tezi yako ya shingoni imekuwa kali," akasema. "Ndiyo inakukondesha, ndiyo inakukimbiza moyo. Na macho yamefuata. Hii mistari inayopinda, shida iko nyuma ya jicho, mimi siwezi kupaona. Nenda Mbarara. Usikawie." Akanipa vidonge vya moyo, dawa ya matone, na karatasi ya transfè, ya kunipokelea hospitali kubwa ya Mbarara.

Sasa nakuja kwenye ujinga wangu, na ndiyo sababu nimemsumbua Fidesi kuandika.

Ninyi mnaoishi huku mnajua. Kwa sisi wakimbizi, karatasi ya familia ni kitu kimoja, lakini macho ndiyo ufunguo. Siku ya kuhakikiwa unasimama mbele ya mashine, unafungua macho, mashine inakuangalia, inasema ni wewe au si wewe. Na kulikuwa na habari ya mzee Nikodemu wa kijiji cha pili. Alitolewa mtoto wa jicho hospitali, akarudi anaona vizuri, lakini alipoenda kwenye mashine ikamkataa. Akarudia, ikamkataa. Habari hiyo ilitembea Nakivale yote, na kila ilipolala iliamka imeota mguu mwingine. Ilipofika kwangu, mzee Nikodemu alikuwa ameshafutwa yeye, mke, wajukuu, mpaka mbuzi.

Nikawaza: huko Mbarara wakigusa macho yangu, mashine itanijua? Mimi ndiye kichwa cha karatasi. Domitila, Fidesi na wadogo zake watatu, wote wanakula kwa sababu macho haya mawili yanajulikana. Nikaikunja ile karatasi, nikaisukuma ndani ya mfuko wa koti la Jumapili. Domitila nikamwambia nimepewa matone, nitapona.

Wiki sita. Ndani ya wiki hizo, rangi nyekundu ikaanza kufa. Sikujua rangi inaweza kufa. Siku moja nachungulia sufuriani, nikamwambia Domitila, "Mafuta gani haya machafu unapikia?"

Akaweka mwiko chini. "Ni mawese, Papa Fidesi."

"Mawese ya rangi ya tope?"

"Ni mekundu. Ni yale yale mekundu." Akaniangalia muda mrefu. Jumamosi yake alitoa koti kulifua, akaweka mkono mfukoni, akaikuta.

"Hii ni nini?"

"Karatasi."

"Karatasi naiona. Fidesi, njoo usome."

Fidesi akasoma mpaka kwenye neno haraka, lilikuwa limepigiwa mistari miwili. Ikabidi niseme. Nikawaeleza mashine, nikawaeleza Nikodemu, mbuzi na wote. Nilitegemea Domitila atacheka kidogo. Hakucheka.

"Unaogopa mashine isikujue," akasema. "Na mimi je? Siku wewe hutanijua mimi?"

Siku tatu alinipa chakula bila neno. Siku ya nne alifunga nguo zetu kwenye kitenge, akawaacha watoto kwa mke wa Byamungu, tukaondoka.

Mbarara benchi la macho ni refu kuliko la kliniki yetu, na kila mtu analia hata kama hana huzuni, sababu ya yale matone wanayokuwekea kufungua mboni. Ukishawekewa, dunia yote inakuwa nyeupe kama umeingia ndani ya gunia la unga. Pale nikakaa karibu na mama mmoja wa Kiislamu, mfanyabiashara wa vitambaa kutoka Kakoba, mtaa wa hapo hapo Mbarara, Mama Zuena. Yeye macho yake yaliharibiwa na sukari. Alinigeukia, akaniangalia kwa lile jicho lake moja zima.

"Kijana, ukinikodolea hivyo mume wangu ataleta talaka."

"Mama, hata mke wangu namkodolea hivi hivi, na hajapata faida yoyote."

Akacheka mpaka shungi likamtoka. Akatoa chupa yake ya chai ya tangawizi, akatumiminia mimi na Domitila, na yeye mwenyewe akabaki na kifuniko. Nilikuwa sijala tangu Kaberebere. Chai ile naikumbuka kuliko dawa zote.

Daktari alikuwa msichana mdogo, Munyankore, Kiswahili chake cha kuokota kama changu. Akanipiga picha ndani ya macho, akanionyesha kwenye televisheni. "Sebo," ndiyo bwana kwao, "hii ni nyuma ya jicho yako."

Mara ya kwanza kuona nyuma ya jicho langu! Nilidhani pana giza. Kumbe pana mviringo kama sahani, na katikati ya sahani mistari imelala, imekunjana, kama shuka la kitanda mtu akiamka bila kutandika.

"Huku nyuma kuna kitambaa, ndiyo inaona," akasema. "Chini yake kuna godoro ya damu, inalisha hiyo kitambaa. Sasa nyama nyuma ya jicho imevimba, inasukuma jicho. Godoro imejikunja, na kitambaa juu yake imejikunja. Ndiyo kamba unaona inapinda."

"Kwa hiyo Byamungu hana kosa?"

"Byamungu nani?"

"Mwenzangu. Nilimbomolea ukuta wa kanisa."

Alicheka mpaka akavua miwani. Halafu akairudisha, na uso wake haukuwa wa kucheka tena. Akanionyesha rangi kwenye karatasi, nikazikosa karibu zote kwa jicho la kushoto. Akasema ule mshipa unaopeleka picha kichwani unabanwa, na ukibanwa muda mrefu haurudi. "Ulipewa hii barua lini?"

Domitila akaangalia ukutani. Mimi nikaangalia viatu.

"Na sigara unavuta?"

"Kidogo."

"Daktari," Domitila akasema, "huyu si mtu, ni tanuru la matofali."

"Basi leo tanuru imezima. Sigara inakulia macho. Mimi naweka dawa, wewe unaweka moto, hatuwezi kushinda."

Sigara niliacha siku hiyo. Naisema kwa sentensi moja lakini niliiacha kama mtu anayeng'olewa meno yote bila ganzi, jino moja kila saa. Kama unavuta na macho yako yameanza, usingoje kusikia kwa daktari. Sikia kwangu.

Dawa ya dripu, ya kupitia mshipa wa mkono, walinipa siku tatu mfululizo, halafu kila Jumanne. Sasa kalenda yangu haikuwa na miezi tena, ilikuwa na Jumanne. Mama Zuena alisema nisisafiri alfajiri kila wiki, nifike Jumatatu nilale kwake Kakoba, kwenye chumba cha vitambaa. Nililala kati ya mabunda ya vitenge na kanzu, na asubuhi mume wake, mzee wa watu, alinisindikiza mpaka barabarani akinishika mkono wa kushoto, akinionya mifereji. Hawakunijua. Dini yangu si yao. Nikiwauliza niwape nini, Mama Zuena alisema, "Nipe hadithi, kijana. Lakini leo usiniue kwa uongo."

Ile dawa inabadilisha mtu. Uso ukavimba ukawa mviringo kama chungu cha maharage. Njaa ikarudi. Usingizi ukakimbia. Na hasira! Mimi ambaye hasira yangu huisha kabla ya uji kupoa, nilimrushia mtoto wangu wa mwisho sahani sababu alicheka. Haikumpata. Lakini kwa siku nyingi nikiingia ndani yeye alitoka nje. Domitila aliokota sahani, akaniambia, "Ugonjwa uko machoni, Karoli. Usiuteremshe mikononi." Aliponiita Karoli, si Papa Fidesi, nilijua nimefika pabaya.

Jumanne ya tano, asubuhi kwa Mama Zuena, nikatoka nje kunawa. Jogoo alikuwa juu ya ukuta. Na kilemba chake kilikuwa chekundu! Chekundu cha kupiga kelele! Nikaita nyumba nzima, njooni muone jogoo, wakatoka wakidhani kuna mwizi. Nikafunga jicho la kushoto, nikaangalia mstari wa ukuta. Ulikuwa umenyooka. Nililia pale mbele ya jogoo, na mzee wa nyumba akasema afadhali tusimchinje huyu.

Lakini lilikuwa jicho la kulia. La kushoto lilibaki na tope lake.

Daktari aliangalia, akaangalia tena. Akasema dawa peke yake haitoshi upande ule. Nyama zimejaa chumbani, chumba kidogo, mshipa unabanwa. Wanataka kutoa kipande cha mfupa pembeni ili nyama zipate nafasi.

"Mnabomoa ukuta?"

"Ndiyo, mzee. Ukuta moja kidogo."

"Unaobeba paa, au wa kugawa chumba?"

Akafikiri. "Ya kugawa."

"Basi bomoeni. Lini?"

"Hii Ijumaa."

Ningesema ndiyo. Mdomo ulikuwa umeshafunguka. Lakini nikiwa bado nje kwenye benchi, Fidesi alikuwa amenipigia simu kutoka nyumbani kuniambia uhakiki umetangazwa, zoni yetu wiki ijayo, kila mtu aje na macho yake. Nikawaza bandeji. Nikawaza mfupa umetolewa, jicho limerudi ndani, mashine inatafuta Karoli haimwoni. Nikasema, "Daktari, naomba wiki mbili."

"Mimi siwezi kukuahidi hiyo wiki mbili."

"Mbili tu."

Akaandika kitu. Siku ile Domitila hakuwepo, alikuwa anavuna maharage ya watu. Jioni Mama Zuena aliposikia alikasirika mpaka chai ikapoa.

"Umewauliza wenyewe wenye mashine?"

"Wale hawaulizwi, mama. Wale ndio wanauliza."

"Nani kakuambia?"

Hakuna aliyeniambia. Ukikaa miaka mingi ukiulizwa jina, kijiji, ulikimbia lini, ulipita wapi, unafika mahali unadhani maswali yana upande mmoja tu, kama mto.

Nilirudi nyumbani, nikamwambia Domitila daktari amesema tusubiri. Fidesi, andika hivyo hivyo. Nilimdanganya mama yako mara ya pili.

Uhakiki ukaahirishwa. Wiki mbili zikawa tatu, zikawa tano. Kila asubuhi nilifunga jicho la kulia na kuangalia mlango wetu. Wiki ya kwanza niliona mlango uliopinda. Wiki ya pili niliona mlango bila pembe. Ya nne, ilikuwa kama mtu anavuta gunia mbele ya dirisha, polepole, hana haraka. Wiki ya tano niliona kwamba mahali fulani kuna mwanga. Sikumwambia mtu. Mchana nilipiga hadithi, watu wakacheka. Sijawahi kuchekesha watu kama wiki zile tano.

Siku ilipofika, kiangazi kilikuwa kimechoma kila kitu. Mahema, kamba za foleni, vumbi mpaka kwenye meno. Familia yote nyuma yangu, Domitila amebeba karatasi ndani ya plastiki. Zamu yangu ikaja. Dada wa mashine hata hakuinua kichwa.

"Fungua macho, mzee."

"Dada, yamefunguka tangu mwaka jana."

Akatabasamu kidogo. Nikaweka uso. Mashine ikatoa mlio mmoja, muda wa kupiga chafya, si zaidi.

"Karoli. Kichwa cha familia, watu sita. Sawa. Anayefuata."

Sikuondoka.

"Imenijua?"

"Imekujua."

"Na haya macho yalivyo?"

Hapo ndipo aliinua kichwa. Aliniangalia vizuri, akaona. Akaniambia kwa upole kwamba mashine inaangalia ile duara ya rangi tu, mbele, inayozunguka mboni. Jicho likitoka nje, likirudi ndani, kope zikipanda, haijali.

"Na wakinipasua kwa nyuma?"

"Hata wakikupasua kwa nyuma. Wanaopasuliwa mbele ndio wakati mwingine inawakataa. Wanakuja na karatasi ya daktari, tunawaandika upya. Tuna vidole vyao, tuna picha. Ni asubuhi moja tu. Hata yule mzee Nikodemu anayesemwa kambi nzima, si tulimwandika zamani? Anachukua posho kila mara." Akaweka kalamu chini. "Kwa nini hukuja kuuliza?"

Domitila alikuwa nyuma yangu, hatua moja. Alisikia kila neno. Akauliza kwa sauti ndogo, "Kupasuliwa kulikuwa lini?"

"Ijumaa," nikasema. "Wiki tano zilizopita."

Nilitegemea anipige na ile karatasi mbele ya watu wote. Badala yake akapita upande wangu wa kushoto, upande ambao sikuweza kumwona, akanishika juu ya kiwiko, akanitoa kwenye hema.

Walinipasua Jumatatu iliyofuata. Jicho limerudi ndani, limekaa mahali pake, ukiniona leo utasema huyu mzee ni mzuri kidogo. Lakini la kushoto linaona mwanga na kivuli tu. Nikiweka mkono mbele yake najua kuna mkono, sababu ni wangu. Daktari hakunilaumu. Alisema kama wangenipasua ile Ijumaa, hajui, labda lingepona. Neno hilo labda nalibeba mpaka leo, na ni zito kuliko tofali lolote nililowahi kubeba. Tezi imetulia kwa vidonge. Moyo unatembea, haukimbii. Mtoto wangu wa mwisho ameanza tena kukaa karibu na mimi, si karibu sana. Najenga kwa jicho la kulia. Byamungu amekuwa jicho langu la pili, na akitaka kunitania anasema, "Songa, nikuonyeshe fasi kanisa iko."

Mwezi uliopita alikuja mama mmoja kutoka zoni ya Juru, humu humu kambini. Aliambiwa kuna mzee fundi aliyekuwa na macho ya chura. Amevaa miwani nyeusi mchana kweupe. Alipoivua nikaona mwenyewe, kope zimepanda, weupe juu na chini. Akasema mlango wa nyumba yake umeanza kucheza. Ana karatasi ya Mbarara.

"Ya lini?"

"Siku nyingi kidogo." Akainama. "Baba, wakinitibu, ile mashine itanijua?"

Nilikuwa na jibu mdomoni, tena refu, lenye chumvi. Nikalimeza. Nikamwambia avae viatu. Tulikwenda moja kwa moja ofisini kwa wenye mashine, tukapanga foleni asubuhi nzima kwenye jua, mimi namchekesha na yeye hacheki. Tulipofika mezani, kijana wa pale akauliza, "Shida yenu?"

Mama akanigeukia mimi.

"Usiniangalie mimi," nikamwambia. "Mwulize yeye."

Akashika meza kwa mikono miwili. Akauliza. Na yule kijana akamjibu, kwa maneno yale yale niliyojibiwa mimi, muda mfupi kuliko kufunga kamba ya kiatu.

Kesho yake asubuhi yule mama alipanda gari la Mbarara, na mimi nikaenda kazini.